Tarehe Iliyoandikwa Kwenye Kadi

Jumapili, 2 Machi

Mdogo wangu wa pekee,

Hujambo? Mgongo je, umetulia? Na hao akina mama wa wodini kwako, wanajifungua salama? Mimi huku sijambo, ila magoti yananisema kila nikipanda ngazi ya dukani. Shemeji yako mzima, anakula, analala, anabishana na redio. Basi, salamu zimekwisha. Kaa chini nikwambie.

Filamu ya mtoto wetu imetoka!

Nasema mtoto wetu kwa sababu wewe ni mama yake mdogo, na heshima hii nakumegea, ingawa pande kubwa ni langu niliyembeba. Profesa wetu, yule yule aliyekuwa anavaa miwani ya babu yake na kuwapanga kuku foleni, leo jina lake liko kwenye ukuta wa ukumbi kwa herufi kubwa kuliko mlango wangu. Nilimwambia mwenye ukumbi, "Aliyetunga ni mwanangu." Akasema, "Mama, umeshaniambia." Nikamjibu, "Na tukitoka nitakwambia tena." Nilijaza safu mbili nzima. Jirani wa juu, jirani wa chini, muuza vitambaa, fundi wa friji, hata yule daktari wa meno ambaye tulikuwa hatusalimiani. Siku ile tulisalimiana.

Inaitwa "Wiki Ijayo." Najua umeshashtuka. Tulia.

Ni ya kuchekesha, lakini kwa namna ya ajabu ajabu. Watu hawasemi, wanatazamana tu kama wanaongoja dawa dirishani, halafu ghafla ukumbi mzima unaangua kicheko. Kuna msichana wa miaka kumi na minne, msichana mbaya kwelikweli wa tabia. Mtaa mzima anatembea kinyumenyume ili awaone wanaomsengenya. Anamhoji bata kama mtangazaji wa redio. Anawapa watu maksi, anaandika kwa chaki kwenye milango yao: baba yake nne juu ya kumi, mwalimu mbili, dada yake tisa.

Ndiyo, mdogo wangu. Msichana ni wewe. Usinune! Ni zile hadithi zako nilizokuwa namsimulia nikimwogesha, asije akalia sabuni. Kumbe mwenzetu alikuwa anaziweka akiba. Na ile ya kadi za harusi imo. Hapo watu walicheka mpaka fundi wa friji akadondosha kofia. Mimi hapo sikuona vizuri, nilikuwa natafuta kitambaa kwenye mkoba.

Niandikie unipongeze.

Dada yako,
Mama wa Mtunzi


Ijumaa, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu

Dada yangu mpendwa,

Mimi mzima. Mgongo unauma asubuhi, mchana nausahau kwa sababu ya kazi. Juma hili tumepokea watoto kumi na mmoja, wote wazima, na mama mmoja alinitukana mpaka nikamwomba arudie, niandike. Nashukuru kusikia shemeji hajambo. Magoti yako yaoneshe kwa daktari, usiyasimulie tu.

Hongera, Mama wa Mtunzi. Nasema kwa moyo. Ungeweza kupiga simu, lakini nafurahi umeandika. Kwenye simu huwa unaongea peke yako.

Filamu inakuja kwetu pia. Tangazo liko ukutani karibu na lango la hospitali. Nililipita mara tatu kabla ya kuelewa kuwa huyo msichana aliyetupa mgongo na kugeuza shingo ni mimi. Nesi mdogo akaniuliza, "Mkunga, unacheka nini?" Sikuwa nacheka.

Nina swali moja. Hizo kadi ameziwekaje? Maana kichekesho ninakijua: binti wa mpiga chapa anagombana na jirani anayeolewa, anaapa kuiharibu harusi, kadi zinatoka na tarehe ya Jumamosi nyingine, na wageni wa bibi harusi wanafika wiki nzima baadaye, wamevaa, wamebeba zawadi, wanamkuta mama yake anasugua masufuria. Lakini wewe umemsimulia mpaka wapi? Kwamba Baba alinipiga? Kwamba nilipelekwa kwa shangazi miaka minne? Kwamba sikuruhusiwa kugusa herufi za kuchapia tena?

Siulizi kwa hasira. Nataka kujua nitakaa kiti gani, cha mbele au cha karibu na mlango.

Mdogo wako,
Mkunga


Jumapili, 23 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo huniamkii siku hizi, haya, mimi nakuamkia: hujambo, mama? Huku wazima, ila mashine ya kutoa nakala imekufa na fundi ananizungusha. Nimepokea barua yako. Nimeisoma dukani, nikaisoma tena jikoni, sufuria ikaungua.

Sikiliza nikushauri kama mkubwa wako. Usiende. Viti vya kumbi za siku hizi ni vya plastiki, vitakumaliza huo mgongo. Na sauti iko juu mno. Profesa atakuletea nakala, utaitazama nyumbani umelala, unakunywa chai yako, ukitaka unazima.

Na nikwambie ukweli, filamu yenyewe sijui kama ni ya watu wazima kama sisi. Gazetini wameisifu, nimekata ukurasa nikaubandika juu ya kaunta, mteja hawezi kulipa bila kuusoma. Lakini humo humo mwandishi amesema, "Mhusika mkuu hapendeki hata kidogo, na hilo ndilo jambo zuri." Nilikasirika. Hapendeki vipi? Unamjua? Halafu nikakumbuka nilivyokaa pale ukumbini. Na mimi yule msichana alikuwa ananikera. Nilikuwa namwambia kimoyomoyo, hebu kaa kitako, hebu sema samahani, utakufa? Kisha anafanya jambo dogo, anaifunga shingo ya bata wake kwa soksi kwa sababu mvua inanyesha, na mimi machozi hayo.

Filamu gani hiyo? Ukimchukia mtoto unajiona mbaya, ukimpenda unajiona mjinga.

Tulipotoka jirani wa juu akaniambia, "Lakini yule mtoto! Wazazi walichelewa kumfukuza." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mdogo wangu. Nimesema nikwambie hilo kwa sababu limenikaa kooni tangu siku ile. Nilicheka.

Usiende, tafadhali. Tutazungumza.

Dada yako anayekupenda


Jumatano, tarehe tisa, mwezi wa nne

Dada,

Shikamoo. Ile nyingine ihesabu pia, nilighafilika. Natumaini fundi wa mashine amejitokeza. Mimi mzima.

Nimekwenda. Viti havikuwa vya plastiki.

Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na Bibi Harusi. Usishtuke, nitakueleza. Sasa ni mama wa watu, macho yake hayaoni vizuri, lakini mimi bado namwita hivyo na yeye anaitika. Nilimwomba ruhusa kwanza. Nikamwambia, "Wametutia kwenye filamu, mimi na wewe." Akasema, "Mimi ni mzuri humo?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi twende tukaone."

Sijui kama naipenda, Dada. Dakika ishirini za kwanza nilimchukia yule msichana, nikaona haya kwamba namchukia, nikamchukia tena. Mtoto wetu ana jicho. Namna anavyosimama mlangoni bila kuingia, hiyo ni mimi. Namna anavyojibu swali kabla halijaisha, hiyo ni mimi. Nilitamani tu mtu mmoja humo ndani amuulize kwa nini. Wote wanamwambia acha. Hakuna anayemuuliza kwa nini.

Ikafika ile sehemu. Bibi harusi kakaa meza kuu na uwanja mzima wa viti vitupu, kisha wale bata wanaingia mmoja mmoja na kupanda vitini. Ukumbi ulipasuka. Bibi Harusi alinishika mkono. Alikuwa anatetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akaninong'oneza, "Viti vilikuwa vingi kuliko hivyo." Halafu akasema, "Bibi yangu yuko wapi?" Maana bibi yake alisafiri siku mbili kuja kumwona akiolewa, akafika Jumamosi ile nyingine, akamkosa. Hawakuonana tena. Hilo mtoto wetu hakuliweka. Nadhani hukumsimulia.

Sasa nikwambie jambo nililolificha, maana filamu imenifungua kifua.

Wewe na Baba na watu wote mlijua kuwa nilibadilisha tarehe kwa makusudi. Si hivyo. Siku ile alasiri, wewe ukiwa dirishani unaongea na kijana wa baiskeli, niliingia nyuma yako. Fremu ya kadi ilikuwa mezani, zile herufi za risasi zimeshapangwa zote. Nikachomoa jina la bibi harusi nikaweka neno BATA. Hilo tu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Halafu nikamsikia Baba anakohoa uani, nikashikwa na hofu, nikarudisha jina harakaharaka, mistari miwili ikanilalia mezani, nikaikusanya nikaibana upya. Kadi zilipotoka na tarehe ya uongo nikajua ni hapo. Nilipokuwa nakusanya nilichanganya. Ndiyo maana nilisema "ni mimi" hata kabla fimbo haijashuka.

Umewahi kuniuliza kwa nini niliomba kupangiwa kazi katika mji huu usio na kitu. Ni kwa sababu Bibi Harusi aliolewa huku. Watoto wake watatu nimewapokea kwa mikono hii. Kila Ijumaa namsomea gazeti. Na tangu nianze kazi sijaandika tarehe ya mtoto kwenye daftari bila kuisoma kwa sauti mara mbili mbele ya mama yake. Manesi wananicheka. Waache wacheke. Hiyo ndiyo njia yangu ya kumwomba yule bibi radhi.

Mwambie Profesa nimempa nane. Mbili nimekata kwa sababu ya bibi.

Mdogo wako


Jumapili, 18 Mei

Mdogo wangu,

Najua nimekaa wiki tano bila kujibu. Sikuwa mgonjwa. Barua hii nimeiandika mara nne, tatu nimezichana, hii nikiichana nitakuwa sina tena nguvu. Salamu nitaziweka mwisho, kama zitabaki na mahali.

Hukuchanganya kitu.

Soma tena. Hukuchanganya kitu siku ile. Mistari iliyokulalia mezani uliirudisha vilevile ilivyokuwa. Tarehe ilikuwa imeshakosewa kabla hujaingia, na aliyeikosea ni mimi.

Unakumbuka rafu ile ya juu, tuliyokuwa tunaweka mistari ya kazi zilizopita, ili tusipange upya? Baba alitukataza kuchukua mstari wa tarehe kutoka pale. Alisema tarehe hupangwa upya kila kazi, kwa mkono, herufi kwa herufi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na mjini kote hakuna aliyepanga kama mimi, unajua, hata wewe ulikuwa unasema. Nikaona kupanga "Jumamosi" kila siku ni kazi ya wanaoanza. Nikachukua mstari wa kadi za kikao cha wazazi cha shule, Jumamosi tarehe ishirini na sita. Harusi ilikuwa tarehe kumi na tisa. Nikasema nitaibadilisha hiyo namba baadaye. Nikapiga nakala ya kujaribu asubuhi ile, nikaitia mfukoni mwa aproni bila kuisoma, kwa sababu kengele ya baiskeli ililia. Aliyeipiga ndiye huyu huyu shemeji yako anayekoroma sebuleni sasa hivi ninapoandika.

Ile nakala niliikuta mfukoni siku tatu baadaye. Ishirini na sita. Ilipigwa asubuhi, wewe uliingia alasiri. Kadi zote zilikuwa zimeshapigwa, zimefungwa mafungu, na zile karatasi za maua tulizochapia hazikuwepo tena popote za kupigia nyingine. Baba alikuwa kaunta anamwambia mama yake bibi harusi, "Huyu binti yangu mkubwa hakosei." Nikamwangalia. Nikaenda jikoni nikaitia ile nakala motoni. Nikajiambia watu wataambizana kwa mdomo, harusi ni ya jirani, nani asiyejua siku?

Wanaokaa mbali ndio wasiojua.

Halafu wakakushika wewe, kwa sababu uliapa mbele ya watu bombani. Nikawa nimesimama nyuma ya mashine, nasema moyoni sasa nitasema, akimpiga moja nitasema. Na wewe ukasema, "Ni mimi." Mdogo wangu, nilishangaa mpaka nikakaa. Nikadhani ni kile kiburi chako. Siku nyingine nikadhani unanikinga mimi. Nikasema basi, mwenyewe kakubali, mimi ni nani nimkatalie. Na ulipokwisha kupanda gari kwenda kwa shangazi, ikawa kila siku inayopita inaifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi. Ikafika mahali nikawa naisimulia. Naisimulia vizuri, na madoido. Watu wanacheka. Mtoto anacheka kwenye beseni. Ukisimulia jambo mara mia kwa kicheko, mdogo wangu, unaanza kuamini kuwa ulikuwa mtazamaji tu.

Mpaka nilipokaa kwenye ule ukumbi, na yule msichana akanyoosha mkono kwenye ile fremu, na watu wangu wa safu mbili wakacheka. Niliwaleta mwenyewe. Niliwaleta waje wakucheke.

Sijui niseme nini tena. Afya yako je? Mgongo je?

Mimi


Jumatano, tarehe mbili, mwezi wa saba

Dada,

Nilisoma barua yako nimesimama posta, kwenye kaunta. Karani akanisogezea kiti, nikamwambia sihitaji, kisha nikakikalia.

Nilitaka nisikujibu kabisa. Nimeona nisipojibu utaanza kuisimulia hiyo nayo.

Unadhani kinachoniuma ni fimbo, au shangazi. Kwa shangazi nilikula, nikasoma, nikawa mtu. Kinachoniuma ni Baba. Nilimuuguza miezi miwili ya mwisho. Mikono yake imekwisha, namlisha, namgeuza, na bado akiniita ananiita Wiki Ijayo. Anacheka, anakohoa, anasema, "Wiki Ijayo, niletee maji." Mimi nacheka naye kwa sababu niliona nastahili. Wewe ulikuwa mle chumbani. Kikombe ulikuwa umekishika wewe.

Neno moja, Dada. Alikuwa bado anasikia.

Na kuna jambo jingine ambalo sijui hata nani wa kumlaumu. Mimi nilijijenga juu ya lile kosa. Kila kilicho chema kwangu, uangalifu, uvumilivu, hii kazi, mji huu, Ijumaa zangu, vyote vimeota hapo. Sasa unaniandikia kwamba kosa si langu. Nina miaka hamsini na miwili. Unataka nianze kuwa nani?

Nilimwambia Bibi Harusi. Ijumaa iliyofuata, katikati ya kumsomea gazeti, nikaliweka chini nikamweleza yote. Aliimaliza chai yake kwanza. Akasema, "Kumbe miaka yote hii umekuwa ukinisomea bure." Nikasema ndiyo. Halafu akapapasa mezani, akalipata gazeti, akaninyooshea. "Soma basi. Hatujamaliza ukurasa wa pili."

Sikukusamehe. Sisemi sitakusamehe, nasema leo bado.

Mwambie mtoto. Si kwa barua, na si kwa kuzungukazunguka na vichekesho vyako. Mwangalie machoni umwambie. Filamu yake asiiguse. Yule msichana ni mimi kweli, nilikuwa hivyo hivyo, sipendeki, na maksi nilikuwa nawapa watu. Wewe nilikupa tisa kwa sababu nilikuwa natamani kuwa wewe. Ila lile moja sikulifanya, na mtunzi wake anapaswa kujua.

Mdogo wako


Jumapili, 20 Julai

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Wewe na kazi yako, na Bibi Harusi pia, kama ataipokea salamu kutoka kwangu.

Nimemwambia.

Alikuja kula mchana wa leo. Amealikwa mji mwingine kuonesha filamu, alikuwa ananieleza wamemlipia chumba chenye dirisha la ziwa, na siku nyingine ningekuwa nimeshafika kwa jirani wa juu kumtangazia lile ziwa. Nikamwambia, "Baba, weka kijiko chini." Akasema, "Chakula kimeungua tena?" Nikasema, "Zile kadi nilikosea mimi, nikiikimbilia kengele ya baiskeli ya baba yako. Mama yako mdogo hakukosea. Nilijua, nikanyamaza, akafukuzwa."

Akacheka. "Mama, unatania."

"Sitanii, baba."

Akavua miwani. Unajua akivua miwani anakuwa yule mtoto wa beseni, nilitaka kuangalia pembeni, lakini ulisema machoni. "Mama Mdogo anajua?"

"Sasa anajua."

"Sasa? Tangu lini sasa?"

"Tangu mwezi wa tano."

Akahesabu kichwani, nilimwona. "Kwa hiyo mimi nimezunguka nchi nzima nawachekesha watu kwa jambo ambalo hakulifanya. Na wewe umekaa safu ya pili, umevaa gauni la kijani."

Shemeji yako akaamka kwenye kochi. "Na mimi na baiskeli yangu tumeingiaje humu?" Nilipomweleza akasema, "Ningejua nisingepiga ile kengele." Akaenda kuzima redio yake. Hajaiwasha tena.

Mimi na ulimi wangu nikataka kuyapoza. Nikasema, "Basi si utunge nyingine? Hii ndiyo nzuri zaidi." Akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia tangu nimzae. Akasema, "Mama, usinifundishe kazi yangu." Kwa sauti ya chini kabisa. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Anakuja kwako kesho kwa basi la kwanza. Ule mwaliko ameuahirisha. Nilimwambia twende wote, nimeshafungua kabati kutoa begi. Akasema, "Hapana, Mama. Safari hii naenda peke yangu." Chakula hakukimaliza.

Jirani wa juu alimwona akitoka, akaniuliza mtoto ana haraka ya wapi. Nikasema anakwenda kwa mama yake. Akacheka, "Si ndiye wewe?" Nikasema, "Anaye mwingine." Ule ukurasa wa gazeti nimeubandua pale kaunta. Gundi imetoka na rangi ya ukuta, pamebaki pembe nne nyeupe, wateja wanauliza palikuwa na nini.

Atafika kabla ya barua hii. Nilitaka kukwambia anapenda nini, nikakumbuka unajua. Mpokee. Usimwambie nilikuwa nalia, atadhani namtuma.

Dada yako


Jumatatu, tarehe ishirini na nane, mwezi wa saba

Dada,

Shikamoo. Mtoto amefika salama, amelala siku nzima, ameamka amekula kama aliyetoka kulima. Mgongo wangu unauma, nami naumia nao. Shemeji mwambie awashe redio, hiyo kengele haikuwa na kosa.

Nimempeleka kwa Bibi Harusi. Walikaa uani mpaka jua likahama. Alimsimulia habari za bibi yake, safari ya siku mbili, kitambaa alichobeba. Mtoto wetu hakuandika kitu, alisikiliza tu, mikono magotini. Alipotaka kuomba radhi Bibi Harusi akamwambia, "Wale bata usiwatoe."

Kwako bado ana hasira. Sitakudanganya. Lakini jana, tukiosha vyombo, ameniuliza wewe ulikuwaje ulipokuwa msichana.

Dada, nilikuwa na la kusema, na wa kunizuia hayupo. Ningeweza kumpa hadithi ambayo angeibeba maisha yake yote. Nikaanza. Nikamwambia ulivyokuwa unapanga mistari umefumba macho ili kunichekesha. Nikamwambia siku niliyoondoka kwenda kwa shangazi ulikimbia nyuma ya gari mpaka kiatu kikakutoka, na mimi kwenye kiti cha nyuma nilidhani unanililia. Akauliza, "Na alikuwa analilia nini?" Nikafungua mdomo kumjibu. Akawa ananitazama, anangoja, sahani mkononi.

Nikaufunga. Maana sijui. Na niliona haya, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kutunga, na ilikuwa inapendeza.

Hilo swali nimemwambia aliweke. Ijumaa siingii zamu. Njoo ulijibu mwenyewe.

Mdogo wako